Salio moja, miamala miwili

Wadau, chukueni mfano huu wa Maji ya Chai. Mama ana shilingi 10,000 kwenye simu. Analipia mchele dukani, na sekunde hiyohiyo mkopo wake unakatwa. Miamala yote miwili ikisoma salio la 10,000 na kuruhusiwa, zinatoka 20,000. Nani atafidia?

M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, lakini swali hili ni la zamani. Mwaka 1976 Jim Gray na wenzake wa IBM waliandika jibu lao: kufuli. Anayeshika salio analifunga mpaka amalize. Data zilikaa kwenye diski, na diski ni nzito; anayeisubiri aliwapisha wengine wenye akaunti nyingine.

Mwaka 1981 H. T. Kung na John Robinson wakapendekeza tofauti: msifunge, fanyeni kazi, mkaguliwe mwishoni. Aliyegongana na mwenzake aanze upya.

Kisha memori ikashuka bei, data zote zikaenea humo bila kungoja diski. Gharama ya kufuli ikaonekana wazi. Mwaka 2007 Michael Stonebraker na wenzake, katika mradi wa H-Store, wakarudi kwenye foleni: gawa akaunti mafungu, kila fungu lihudumie muamala mmoja mmoja.

Tatizo ni pale mtumaji na mpokeaji wanapokuwa mafungu tofauti: foleni mbili lazima zingojane. Na kutumiana ndiyo kazi kubwa ya pesa za simu!

Kwa hiyo tunaposifia kasi, tuulize pia zamu inalindwaje. Mnasemaje?