Kutoa Upepo kwenye Breki

Kutoa upepo kwenye breki ni kuondoa hewa iliyonasa ndani ya mabomba ya mafuta ya breki, kwa kuyasukuma mafuta mpaka hewa yote itoke. Kiingereza huiita kazi hii kwa neno la kutoa damu. Mafundi wetu hawakulifuata neno hilo. Walitazama kinachotolewa, wakakitaja.

Upepo huu si ule unaovuma. Gereji, upepo ni hewa iliyofungiwa: tairi hujazwa upepo, na likitoboka upepo hutoka. Anayesema “kutoa hewa” naye hajakosea, ila “upepo” tayari umezaa maneno mengine ya kazi, kama skrubu ya kutolea upepo.

Istilahi hii inaeleza pia hatari yenyewe. Mafuta hayagandamiziki kirahisi, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika kwenye magurudumu. Hewa hugandamizika. Viputo vikiingia, nguvu huishia kuviminya. Pedali inazama na gari halisimami.

Nyumbani, kazi hii hutaka watu wawili. Gari likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Magari mengi huanziwa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali. Yenye usukani wa kulia, aghalabu ni la nyuma kushoto. Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu, ncha ya pili izame katika mafuta ndani ya chupa. “Kanyaga! Shikilia!” Legeza skrubu, viputo vitoke, kisha kaza kabla mwenzako hajaachia pedali, la sivyo hewa itafyonzwa upya. Rudieni mpaka yatoke mafuta matupu, huku mkiongeza mapya. Kopo la mafuta lililo juu ya masta silinda likikauka, mnaanza upya.

Tumia aina ya mafuta iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo hilo, kama DOT 3 au DOT 4. Mafuta haya hunyonya unyevu. Kwa DOT 4, kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, na 155 yakishanyonya maji. Yakichemka hutoa mvuke, nao hugandamizika kama hewa.

Waandishi wa vitabu vya ufundi waichukue istilahi hii kama ilivyo, kwa kuwa anayeisikia mara ya kwanza huelewa kinachotakiwa kutoka. Nawe msomaji, pedali ikiendelea kuzama baada ya kazi, usiliingize gari barabarani, mwite fundi.