Kutwa Mara Tatu

Bahasha ya dawa ya hospitali haina maneno mengi. Jina la mgonjwa, jina la dawa, na tarakimu mbili zenye alama ya kuzidisha katikati: 1 x 3. Anayeikabidhi dirishani huisoma kwa sauti, "kimoja, kutwa mara tatu," kisha humwita anayefuata. Mzee wa Kilosa au Mikumi mwenye presha, sukari na magoti yanayouma anaweza kuwa na bahasha tano za namna hiyo, kila moja ya siku yake, zote zimefungwa kwenye pindo moja la kanga.

Dawa ya kizungu iliyotangulia kuzoeleka pande hizi ilikuja kwa miguu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alivuka mbuga ya Makata iliyofurika maji ya masika, akapanda bonde la Mkondoa. Kwinini ilikuwa miongoni mwa silaha zake dhidi ya homa. Wajerumani walipoishika nchi, nao waliitegemea. Tatizo ni kwamba baadhi yao, wakishaimeza, walikojoa mkojo mweusi kama kahawa, na wengi wao hawakupona.

Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, alisema wazi kwamba homa hiyo ya mkojo mweusi ilisababishwa na kwinini yenyewe. Alipingwa, na kweli hakuwa sahihi kwa yote: malaria nayo ilikuwa na mkono wake, hasa kwa aliyekuwa akiimeza dawa leo na kuiacha kesho. Lakini swali aliloliuliza lilikuwa zito. Je, ugonjwa unaotibiwa ndio unaoua, au ni tiba?

Cha ajabu, miaka michache baadaye yeye mwenyewe alinaswa na swali hilo. Akitibu malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, alitumia atoksili, dawa yenye aseniki, na alipoona haitoshi akaongeza dozi. Wagonjwa 22 walipofuka.

Baada ya kwinini ikatawala klorokwini. Uchungu wake ulijulikana, ila kilichoipa sifa mbaya ni mwasho. Mtu alijikuna usiku kucha, viganja na nyayo zikiwaka, na hakuna aliyehitaji daktari kumwambia chanzo. Mwaka 2001 serikali iliiweka kando kwa sababu vimelea vilishaizoea, ikaleta SP, dawa ya malaria yenye salfa. Hapo minong'ono ikabadilika: sasa watu waliogopa salfa na habari za ngozi kubabuka. Madhara hayo hutokea kwa nadra, lakini yalikuwa ya kweli, na hofu ilitembea kasi kuliko maelezo ya wataalamu. Dawa ya mseto ilichukua nafasi ya SP mwaka 2006.

Serikali nayo ilikuwa imeanza kuyaandika madhara ya dawa. Mwaka 1989 kilianzishwa kituo cha taarifa za dawa na sumu Muhimbili, kikijulikana kama TADATIS, na mwaka 1993 Tanzania ikajiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa. Kazi hiyo ikapita kwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, iliyoundwa mwaka 2003, ambayo tangu 2019 ni TMDA. Chombo chake kikuu ni fomu ya njano. Ila fomu haijijazi. Lazima kwanza mtu ashuku.

Na hapo ndipo mzee anapopotea. Mwasho wa klorokwini ulipiga kelele; madhara anayoyapata mtu wa miaka 75 hunong'ona. Akianguka chooni usiku baada ya kupewa diazepamu ya usingizi, watasema miguu imechoka. Akichanganyikiwa wodini, watasema uzee. Huenda glibenklamaidi, dawa yake ya sukari, imeshusha sukari kupita kiasi, kwa kuwa kidonge ameendelea kumeza ilhali uji umeletwa na kurudi ulivyo. Figo za uzeeni huitoa dawa mwilini polepole, hivyo "kimoja" cha kijana kinaweza kuwa kingi kwake. Diklofenaki ya magoti, ikikutana na baadhi ya dawa za presha, huziumiza figo hizohizo.

Upatikanaji wa dawa nao umebadilika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka msingi wa matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na dirisha la wazee likaonekana katika hospitali nyingi. Mwaka huohuo mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma, baadaye ukafika mikoa mingine, Morogoro ikiwamo, ukichukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Ni nafuu kubwa kwa mtu wa Ulaya ya Kilosa au wa Kidodi aliye mbali na hospitali. Lakini anayeuza dukani haoni cheti cha hospitali, na wa hospitali haoni kilichonunuliwa dukani, sembuse mizizi iliyochemshwa nyumbani.

Mtu pekee anayeviona vyote ni yule anayemuuguza, mara nyingi binti au mkaza mwana. Ndiyo maana wauguzi wenye uzoefu, kabla ya kutundika dripu, huuliza: "Dawa za nyumbani mmekuja nazo?" Pindo la kanga likifunguliwa juu ya shuka, vidonge vingine vimeshatoka kwenye bahasha zao, vyeupe vyote, na 1 x 3 imefutika kwa jasho.