Jazi ya Nyuzi Nane

Mwaka 1959 Kenneth Burns alishinda tuzo ya Grammy, na alipewa kwa kuchekesha watu. Yeye na mwenzake Henry Haynes, ambao Marekani nzima iliwajua kwa majina ya Jethro na Homer, Burns akiwa ndiye Jethro, walikuwa wamechukua wimbo uliotamba mwaka huo kuhusu vita vya New Orleans wakaugeuza kuwa kisa cha vijana walio kambini. Watu walicheka. Wachache ndio waliotazama mikono ya Jethro. Humo mlikuwa na mandolini, na alichokuwa akikipiga katikati ya mizaha kilikuwa jazi.

Niseme mapema kwamba siizungumzii jazi ya Morogoro Jazz wala Tabora Jazz. Kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na tarumbeta. Nazungumzia jazi ya Wamarekani Weusi, ile ya New Orleans, ambamo mpigaji hupokea wimbo unaojulikana na wote, kisha akaubunia sauti mpya papo hapo bila kupotea njia.

Katika jazi hiyo mandolini ilichelewa kuingia. Mafundi wa Napoli nchini Italia, hasa ukoo wa Vinaccia, ndio walioipa umbo lake katika karne ya 18: nyuzi nane katika jozi nne, zilizokazwa kwa sauti zilezile za fidla. Huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, Orville Gibson akaanza kuchonga uso wake kama wa fidla, na mwaka 1898 akapata hataza. Siku hizo miji ya Marekani ilijaa okestra za mandolini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza homa hiyo ikapoa, zikaja bendi za jazi zenye tarumbeta, tromboni na ngoma. Mlio wa mandolini ni mfupi: ukiugonga uzi, sauti inakufa upesi. Nani angeusikia? Wapigaji wengi wakahamia banjo ya nyuzi nne, ambayo nyuzi zake hupishana kwa hatua zilezile, na vidole havikuhitaji kujifunza upya.

Jibu, naamini, lilitokea Paris mwaka 1934, Django Reinhardt na Stéphane Grappelli walipounda kundi la magitaa, fidla na besi, bila tarumbeta wala ngoma. Hapo ilionekana kwamba nyuzi peke yake zinaweza kuibeba jazi. Jethro, kijana wa Tennessee aliyezaliwa mwaka 1920, alimpenda Django kupita kiasi. Mapenzi hayo hakuyafuga peke yake: aliyashiriki na mpiga gitaa Chet Atkins, na wawili hao walikuwa wanyumba, waliooa mapacha.

Alichokitumia Jethro shingoni mwa ala ile ndicho kinachonifanya niishike yangu kila jioni. Bonyeza jozi ya D kwenye freti ya 3 na jozi ya A kwenye freti ya 2. Umepata moyo wa kodi ya G7, yaani mkusanyiko wa sauti zinazopigwa pamoja. Sauti ya G yenyewe haimo. Hiyo ni kazi ya mpiga besi. Sasa rudisha vidole vyote viwili freti moja kuelekea vigingi: uko C7. Rudisha tena, jozi ya A ikibaki wazi: uko F7. Nyimbo za jazi hupenda sana kusafiri hivyo, kutoka G kwenda C kwenda F. Kwenye mandolini safari hiyo inateleza. Siku nilipoipata mara ya kwanza niliirudia mpaka ncha za vidole zikawaka moto, maana jozi za chuma hazina huruma kwa mwanafunzi.

Jethro aliongeza juu ya kodi hizo wimbo wenyewe, akapiga vyote kwa pamoja kama mpiga piano. Mwaka 1962 yeye na Homer walitoa albamu ya ala tupu, Playing It Straight, mizaha ikawekwa pembeni.

Huko magharibi mwa Marekani, Tiny Moore wa bendi ya Bob Wills alipita njia nyingine. Mwaka 1952 fundi Paul Bigsby alimtengenezea mandolini ya umeme yenye nyuzi tano, moja moja badala ya jozi, na uzi mzito ulioongezwa chini. Sauti yake ilijaa na kudumu, ikatosha ukumbi wa dansi wenye mamia ya watu.

Homer alifariki mwaka 1971. Jethro alibaki bila mwenzake wa tangu ujanani. Hapo ndipo alipofundisha zaidi, huko Evanston karibu na Chicago, ana kwa ana. Kizazi kipya kikamtafuta. David Grisman, ambaye albamu ya kundi lake ilitoka mwaka 1977 na ambaye baadaye alirekodi na Grappelli yuleyule wa Paris, aliwakutanisha Jethro na Tiny Moore studioni. Albamu hiyo, Back to Back, ilitoka mwaka 1979. Nyuma yao walikuwepo Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye ngoma, watu wakubwa kabisa wa jazi. Wazee wawili wanapokezana, mmoja akiwa na jozi zake na mwingine na nyuzi zake tano, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kumaliza alichoanza.

Jethro alifariki mwaka 1989. Mmoja wa wanafunzi wake wa Evanston, Don Stiernberg, akaendelea kuipiga na kuifundisha jazi ya mandolini hukohuko Chicago, kwa kodi zilezile za vidole viwili na G iliyoachiwa mpiga besi.