Vitabu vya Shule na Huruma ya Msomaji

Baada ya hadithi kusomwa darasani, mwalimu aweza kuuliza maswali ya namna mbili. Aweza kuuliza ni jambo gani lililotokea, nani alikwenda wapi, na neno fulani maana yake nini. Aweza pia kuuliza yule aliyetokewa na jambo hilo alikuwa na hali gani moyoni mwake. Maswali ya namna ya kwanza yamejaa katika shule za Afrika ya Mashariki tangu shule hizo zilipoanza, kwa kuwa ni rahisi kuyasahihisha na mtihani huyapenda. Ya namna ya pili yamekuwa haba. Hata hivyo kila kitabu kilichopata kuwekwa mbele ya watoto kilikuwa kimekwisha kumchagulia msomaji, kwa kusudi au bila ya kusudi, mtu wa kumwonea huruma. Uchaguzi huo una historia yake, na historia hiyo yastahili kuangaliwa.

Huruma kwa njia ya hadithi haikuletwa na shule. Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu wa Unguja, alipopiga chapa hadithi za Waswahili huko London mwaka wa 1870, alikuwa ameandika yale ambayo watu wa mji walikuwa wakisimuliana tangu zamani. Miongoni mwake ni kisa cha Sultani Darai. Masikini anayepekua jaani anaokota kipande cha fedha, anamnunua paa, na paa yule anamtajirisha, anamuulia nyoka mwenye vichwa, anampatia nyumba na mke wa kifalme. Kisha paa anaugua. Bwana wake anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu, na anapokufa anaamuru atupwe kisimani. Mke analia, watu wanalia, asiyelia ni yule tu aliyefadhiliwa. Na siku ya pili anaamka yupo jaani akipekua kama kwanza. Mtoto anayesikia kisa hiki hahitaji kuelezwa ubaya wa kukosa shukrani. Amekwisha kukaa na paa katika ugonjwa wake, na uji ule ameuonja.

Jambo moja la mitambo ya chapa ya misheni ya Unguja halifai kupitwa. Baadhi ya waliojifunza kupanga herufi zake walikuwa ni vijana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Waliyokuwa wakiyapanga kwa vidole yalikuwa maneno ya lugha ambayo wengi wao waliijua katika utumwa wao. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili cha herufi za Kirumi kilipita tangu utoto wake katika mikono ya watu wenye habari nzito za kusimulia, ila habari zao wenyewe hazikuchapwa hapo. Zilingoja zaidi ya miaka sitini.

Serikali za Kiingereza zilipotaka lugha moja ya kufundishia, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja, na mwaka wa 1930 ikaanza kazi halmashauri ya lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Halmashauri iliusanifisha msamiati na tahajia, na kitabu cha shule kilipaswa kupata kibali chake. Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache mno, na njia ya upesi ya kuviongeza ikawa tafsiri. Johnson mwenyewe, mara peke yake na mara pamoja na E. W. Brenn, alitafsiri kwa kufupisha hadithi mashuhuri za Kiingereza. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani vilitoka mwaka wa 1929, na Safari za Gulliver mwaka wa 1932.

Ni rahisi leo kuvidharau vitabu hivi, na wengi wamevidharau. Lakini haki ya kila kimoja ni tofauti. Katika Kisiwa chenye Hazina anayesimulia ni mvulana, na anayemtisha ni haramia mwenye mguu mmoja, John Silver, ambaye ni mwuaji na mwongo na papo hapo ana upole kwa mvulana yule. Mtoto wa Tanga au wa Lamu, aliyekwisha kuwaona manahodha na mabaharia wa kila tabia, hakuhitaji kuijua Uingereza ili aone ugumu wa kumchukia Silver kwa moyo mmoja. Hilo ni funzo kubwa, na limetolewa bila ya mahubiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani ni habari nyingine. Humo kijana wa Kiafrika alitakiwa aitazame Afrika kwa macho ya mwindaji wa ndovu atokaye Durban. Wapo Waafrika wenye utukufu ndani yake. Umbopa, aingiaye safarini kama mtumishi, anadhihirika kuwa mfalme wa haki. Lakini msomaji anakaa kambini kwa wageni tangu mwanzo hata mwisho, na msichana Foulata, ampendaye mmoja wa wageni hao, anakufa katika pango mahali ambapo kufa kwake kunamwondolea mwandishi taabu ya ndoa yao. Wanafunzi walikifurahia kitabu hiki sana. Walijifunza kuingia katika nafsi ya mtu wa mbali, na kazi hiyo si ndogo. Lakini waliifanya kwa kutoka katika nafsi zao wenyewe, wala darasani hapakuwa na kitabu cha kuwarudisha.

Kitabu cha namna hiyo kilikuja mwaka wa 1934, ijapokuwa hakikutangazwa hivyo. James Mbotela, mzaliwa wa jamii ya watumwa waliokombolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa, kikapigwa chapa London na Sheldon Press. Ni kitabu kidogo. Chaeleza jinsi watu wa bara walivyokamatwa, walivyotembezwa mpaka pwani, walivyopakiwa majahazini, manowari ya Kiingereza ilivyowapata baharini, na makazi yao mapya ya Freretown, karibu na Mombasa, yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka wa 1875. Mambo mengi mwandishi aliyapata katika vinywa vya wazee wake. Hapa palitokea jambo jipya katika shule: mtoto wa Kiafrika alisoma kwa Kiswahili habari za maumivu ya Waafrika, zimeandikwa na mtoto wa walioumizwa.

Wahakiki wa miaka ya baada ya uhuru walimlaumu Mbotela kwa kuwasifu mno Waingereza na kwa kuusahau ukoloni uliofuata nyuma ya manowari. Lawama hiyo ina ukweli. Hata jina la kitabu laonyesha uhuru kuwa ni kitu kilichotolewa na mtu kwa mtu. Lakini mwenye kukisoma kwa makini huona kwamba sifa na maumivu hazina uzito sawa. Sifa zimesemwa kwa maneno ya jumla, ambayo yangeweza kuandikwa na yeyote. Maumivu yamesemwa kwa mambo madogo madogo ya njiani, ya mzigo na njaa na mtoto asiyeweza kwenda tena, na mambo hayo hayaandikwi ila na mtu aliyesimuliwa na aliyeyaona. Pia kulikuwa na jambo la hatari darasani. Katika shule ya pwani, kitukuu cha mtumwa na kitukuu cha mwenye watumwa waliweza kukaa katika dawati moja. Utumwa ulikuwa umeondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907 tu, na katika Tanganyika mwaka wa 1922. Kusoma kurasa zile kwa sauti mbele ya wenziwe hakukuwa zoezi la matamshi peke yake. Mwalimu aliyeishia katika kuuliza maana ya maneno magumu alikuwa akijiokoa, na yafaa ajuliwe hivyo.

Kisha akaja Shaaban Robert, na kwake huruma ikawa ndiyo ufundi wenyewe wa hadithi. Kusadikika, kilichotoka mwaka wa 1951, ni baraza la hukumu: Karama ameshitakiwa kwa kutaka sheria ifundishwe, na utetezi wake ni kueleza habari za wajumbe sita walioteswa na nchi yao kabla yake. Msomaji anafanywa hakimu anayelazimika kumsikia mshitakiwa mpaka mwisho. Adili na Nduguze, cha mwaka wa 1952, kinakwenda mbali zaidi. Mfalme Rai anapata habari ya kwamba Adili, mtu anayesifiwa kwa wema, ana manyani wawili ambao kila usiku huwapiga mijeledi, kisha huwakumbatia akalia pamoja nao na kuwalisha. Mfalme ni mpenda wanyama, naye anataka kujua. Msomaji naye amekwisha kumhukumu Adili. Ndipo kisa kinapofunuliwa. Manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, waliomtupa baharini kwa husuda. Jini aliyemwokoa ndiye aliyewageuza, na ndiye aliyemwamuru Adili awapige, la sivyo yatampata mabaya yeye mwenyewe.

Asili ya hadithi hii imo katika Alfu Lela Ulela, na huko wapigwao ni mbwa. Mabadiliko ya Shaaban Robert yanaonekana madogo, lakini nyani ana mikono na uso, na anapokinga pigo hulikinga kama mtu. Fauka ya hayo, mpangilio wa hadithi unamlazimisha msomaji kijana kubadili huruma yake mara tatu: kwanza awahurumie manyani, kisha amhurumie Adili aliyedhulumiwa, na mwisho, Adili anapowaombea ndugu zake, awahurumie tena wale wale wa kwanza, safari hii akiujua uovu wao. Huruma ya kwanza ni ya kila mtu. Ya tatu ina kazi, na vitabu vya shule vya kabla yake vilikuwa havijaiomba. Majina ya watu wake, Hasidi na Mwivu na wenzao, yametia moyo uvivu wa waalimu wengi, kwa maana yanadhaniwa kuwa yamemaliza maelezo, na swali la mtihani laweza kuandikwa bila ya kitabu kufunguliwa.

Vitabu havisomwi visipofika. Mwaka wa 1948 lilianzishwa shirika la serikali za Afrika Mashariki lililojulikana kwa jina la East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi. Lilipiga chapa vitabu, likaendesha mashindano ya waandishi, na lilipeleka masanduku ya vitabu na vitabu vya posta kwa wasomaji wa mbali. Tanganyika huru ilitunga sheria ya maktaba mwaka wa 1963, na maktaba kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1967, na Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa ametafsiri Juliasi Kaizari miaka minne kabla yake.

Shirika lile la Nairobi ndilo lililotoa, mwaka wa 1971, kitabu kilichoonyesha mpaka wa huruma ambayo shule ilikuwa tayari kuiruhusu. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi ni kisa cha msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, ambaye anapokuwa mbali na macho ya baba anapotea, na mwisho anajiua. Kilikatazwa shuleni. Sababu iliyosemwa sana ilikuwa aibu ya mambo yaliyomo. Lakini aibu za namna hiyo zimejaa katika hadithi za kale zilizopewa watoto bila ya wasiwasi, maadamu mkosaji anaadhibiwa na mambo yanakwisha. Kezilahabi alikataa kuyamaliza hivyo. Alimfanya msomaji aone kwamba fimbo ya Zakaria, iliyompiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, ilikuwa na sehemu katika maangamizi yake. Kumhurumia Rosa ni kumhoji baba, na wazazi na waalimu ndio waliokuwa wakichagua vitabu. Baadaye katazo liliondolewa, na kitabu kikaingia katika orodha ya vitabu vya sekondari. Wasichana waliokuwa na umri wa Rosa wakapata kukisoma hadharani, hali dada zao walikuwa wamekisoma kwa kufichaficha.

Wakati huo taabu ilikuwa imegeuka. Elimu ya msingi kwa wote ilijaza madarasa tangu katikati ya miaka ya sabini, na karatasi ikaadimika. Katika miaka ya themanini kitabu kimoja kiligawanywa baina ya watoto wengi, na kitabu cha kusoma kwa furaha kilikuwa karibu hakipo. Mwaka wa 1991 serikali iliruhusu wachapaji wa watu binafsi kuchapa vitabu vya shule, na mwaka huo huo ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Njia yake ilikuwa nyepesi: mradi ulimhakikishia mchapaji kwamba utanunua sehemu kubwa ya nakala za hadithi mpya ya Kiswahili, na nakala hizo zikapelekwa katika shule za msingi za vijijini, nyingine zikabaki kuuzwa madukani. Baadaye mradi ukawafundisha waalimu namna ya kuvitumia vitabu hivyo, kwa kuwa iligunduliwa kwamba katika shule kadha wa kadha vilifungiwa kabatini ili visichakae.