Barua ya Uasin Gishu

Jumapili ile ya Septemba 2025 Uingereza ilipotangaza kuitambua Palestina kama dola, nilikuwa kwa kinyozi hapa Umoja. Baadaye runinga ikasema Board of Deputies, baraza kongwe la Wayahudi wa Uingereza, limepinga. Jamaa mmoja aliyekuwa akingoja zamu akacheka. “Hao huwa lugha moja tu.”

Mashine ilikuwa shingoni, lakini sikuweza kunyamaza. Zii, buda. Siku hiyo hiyo kulikuwa na Wayahudi wa huko huko walioshangilia. Na hata zamani hawakuwa lugha moja. Ushahidi uko Eldoret.

Aprili 1903 Wayahudi waliuawa Kishinev, iliyokuwa chini ya Urusi. Miezi michache kabla, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alikuwa amepita huku kwa reli na kuona nyanda zilizo tupu. (Ukiwa ndani ya treni, kila mahali ni tupu.) Agosti 14 barua ikaandikwa London: Wayahudi wanaweza kupewa ardhi Afrika Mashariki. Eneo lililokuja kutajwa ni Uasin Gishu. Waziri mkuu alikuwa Arthur Balfour, yule yule wa barua ya 1917 kuhusu Palestina. Katikati ya barua hizo mbili, mwaka 1905, serikali yake ilipitisha sheria ya kuwabana wahamiaji, wengi wao wakiwa Wayahudi, wasiingie Uingereza.

Theodor Herzl aliipeleka barua kwenye kongamano la Wazayuni, Basel. Kura ya kutuma tu wapelelezi: 295 ndiyo, 178 hapana. Wajumbe wa Urusi wakatoka nje, wengine wakalia kama walio matangani. Hata wajumbe wa Kishinev walikataa. Hapo huwa nakwama: nyumba imeungua, unapewa nyingine, unasema siyo hiyo. Max Nordau aliita mpango huo malazi ya usiku tu, na Desemba kijana Myahudi akamfyatulia risasi mjini Paris. Akamkosa. Julai 1905 kongamano likakataa kabisa. Israel Zangwill akahama na kuanzisha chama chake.

“Na wenyewe wa Eldoret walisema nini?” jamaa akauliza.

Hakuna aliyewauliza. Jina Uasin Gishu ni la Wamaasai, na Wanandi walilisha ng'ombe huko. Walowezi wa Nairobi, Lord Delamere akiwa mbele, walipinga mpango ule kwa kelele nyingi, lakini walikuwa wakijitetea wao. Oktoba 1905, miezi mitatu baada ya kongamano kukataa, Koitalel arap Samoei wa Wanandi alipigwa risasi alipokuja kwa mazungumzo ya amani. Aliyempiga, Richard Meinertzhagen, baadaye alikuwa ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza Palestina, na mtetezi mkubwa wa Uzayuni. Mwaka 1908 Makaburu wakafika Uasin Gishu na mikokoteni yao ya maksai.

Mimi mambo ya barua nayajua kidogo. Shosho alinunua ploti huku Eastlands, akapewa barua ya ugawaji yenye muhuri. Akaja mtu na barua nyingine, ploti ile ile, muhuri mzito zaidi. Tingatinga ilikuja alfajiri. Karo yangu ya mwaka wa pili ilikuwa itoke kwa kodi ya vile vyumba vinne.

Barua bado anayo, ndani ya nailoni, chini ya godoro. Kila nikienda kumwona huniambia niisome tena, kwa sauti, hadi kwenye tarehe.