Bomba Refu, Bomba Fupi: Historia ya Mngurumo wa Subaru

Mngurumo wa Subaru haukupangwa na mtu. Ule mdundo wa kukatika-katika unaofanya watu wa Thika Road wageuke kabla hawajaliona gari ulitokana na shida ndogo ya nafasi: bomba moja la moshi lilibidi lizunguke chini ya injini ndio lifike mahali mwenzake ameshafika. Mapenzi yetu yote kwa sauti hiyo yamejengwa juu ya kona hiyo.

Tuanze mbali kidogo. Injini ya boksa ina silinda zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia, na pistoni zake hurusha ngumi pande zote mbili kama bondia. Karl Benz aliibuni miaka ya 1890. Hapa kwetu ilijulikana mapema kupitia Volkswagen Beetle. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kumbuka hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Yaani nchi ilikuwa na vizuizi na misako, na katika nchi hiyo hiyo kuna watu walikuwa wanatimua vumbi Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya Malkia. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda na Beetle. Mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda na Beetle tena.

Subaru ilianza kuuza gari lenye injini ya boksa mwaka 1966, lile liitwalo Subaru 1000. Miaka ya 90, Patrick Njiru alikuwa akiendesha Subaru kwenye Safari, na kijana wa kawaida akaona kwamba usukani wa rali si wa walowezi na wageni peke yao. Colin McRae akashinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Kisha mitumba ya Japani, yenye usukani upande wetu, ikaleta Impreza, Forester na Legacy hadi mtaani. Gari la kwenye vumbi likawa gari la jirani.

Sasa ile kona. Silinda nne hupiga kwa nafasi sawa, hakuna inayomruka mwenzake. Lakini moshi wake hupita kwenye heda, yaani yale mabomba ya kwanza yanayoupokea kutoka kwa injini. Kwenye Impreza nyingi za zamani zenye turbo, turbo iko upande wa kulia, kwa hivyo moshi wa kushoto una safari ndefu zaidi. Fikiria matatu nne zinazotoka steji moja kila baada ya dakika tano. Mbili zinanyoosha njia, mbili zinapitia mitaani. Tauni zitafika ovyo: zingine zimefuatana unyounyo, halafu pengo. Sikio lako linapokea mpangilio huo, na unauita mngurumo.

Mwaka jana binamu yangu aliamua kunyoosha mambo. Alinunua heda ya mabomba yenye urefu sawa, ya kuweka kwenye Impreza WRX yake ya 2004, na tukaifunga nyumbani, kwa paking ya ploti. Boksa hutoa moshi kwa chini, kwa hivyo kazi yote unaifanya ukiwa umelala kwa mgongo. Gari liwe limepoa kabisa na likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Nati zilizopikwa na joto miaka 20 hazifunguki kwa hasira. Tulizipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, tukazirudia asubuhi. Gasketi lazima ziwe mpya. Nati zote unazianza kwa vidole kwanza, kisha unakaza kidogo kidogo kwa zamu, ili bomba likae bila kuvutwa upande mmoja. Ukiwasha usikie tik-tik-tik ambayo haikuwepo, moshi unavuja.

Haikuvuja. Gari lilipumua vizuri, turbo ikaamka mapema kidogo. Lakini mngurumo ulikuwa umeisha. Injini ilisikika laini, kama gari lingine tu lenye silinda nne. Mlinzi wa geti alimuuliza, "Boss, ile Subaru uliuza?"

Swali hilo ndilo lenye uzito. Vijana wengi huamini kelele ni nguvu, na wengine hutoboa ekzosi kabisa, ingawa Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na jirani ana mtoto anayelala. Ila ushahidi ulikuwa paking pale: gari lilipata nguvu kidogo likapoteza sauti. Tulichokuwa tunakipenda ni kumbukumbu, wala si kasi. Binamu yangu aliifunga heda ya zamani ndani ya gunia, akaiweka chini ya kitanda. Hajaiuza, na sidhani ataiuza.

Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, timu za viwanda zilizowania ushindi zilikuwa za Toyota, Hyundai na Ford. Subaru hazikuwa na timu hata moja. Zilikuwa kwenye barabara ya kutoka Nairobi, zimejaa mashabiki, zikinguruma.