Kariba: Swala Alipanda Boti, Mtonga Akapanda Lori

Kuna video ya zamani ambayo watu wanatumiana. Wanaume wa kaptura wako ndani ya maji, wamembeba swala kama mtoto, wanampeleka kwa boti. Chini yake ni mioyo tu, mioyo. Hata mimi nilibonyeza moyo, sikatai. Baadaye ndio nikajiuliza: haya maji yote yalitoka wapi, na kabla yaje nani alikuwa anaishi hapo?

Hapo ni Kariba, mto Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe. Enzi hizo ziliitwa Rhodesia ya Kaskazini na Rhodesia ya Kusini, na mkoloni ndiye alikuwa bosi. Migodi ya shaba na viwanda vilitaka stima. Mwaka 1956 Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dola milioni 80, ukuta wa mita 128 ukajengwa, na Desemba 1958 mto ukafungwa. Maji yaliendelea kupanda mpaka 1963.

Wanyama wakajikuta juu ya vilima vilivyogeuka visiwa. Ikaanzishwa Operesheni Nuhu, Rupert Fothergill akiwa mbele, na zaidi ya wanyama 6,000 wakaokolewa. Kamba zilikuwa zinawakata miguu, kwa hivyo wanawake walichanga soksi zao ndefu za nailoni zisukwe ziwe kamba laini. Manze, hiyo ni roho safi. Siwezi kuidharau.

Sasa tuje kwa watu.

Watonga kama 57,000 walikuwa wanaishi kwenye hilo bonde. Walikuwa wanalima mara mbili kwa mwaka: mvua ikinyesha, halafu tena mafuriko yakishuka na kuacha matope yenye rutuba kando ya mto. Wazee walisema Nyami Nyami, roho wa mto, hatakubali huo ukuta. Na kweli, mafuriko ya 1957 na 1958 yaliharibu kazi ya wahandisi, lakini wakarudi wakajenga.

Watu wakapakiwa kwenye malori. Wengine walishushwa Lusitu, mahali pakavu, mbali na mashamba waliyoyajua. Kijiji cha Chisomo kilikataa kuhama. Septemba 1958 wanaume walisimama na mikuki yao, polisi wakafyatua risasi, wakaua watu 8. Hapo hakuna aliyechanga soksi.

Mto wenyewe nao ulibadilika. Gugu linaloitwa salvinia lilienea juu ya ziwa jipya kama zulia. Samaki waliozoea maji ya mto hawakujua la kufanya na kina kile cha katikati, kwa hivyo miaka ya 1960 wakaletwa dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Huko wanaitwa kapenta, na ukiwaona kwa sahani utadhani ni omena. Wakazaana, biashara ikanoga. Lakini chini ya ukuta, mafuriko yaliyokuwa yanalisha kingo za mto yakapungua.

Naandika hii nikiwa Nairobi, na sehemu ya stima ya simu yangu inatoka mto Tana. Tuna mabwawa matano pale juu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tangu Masinga ifunguliwe 1981, mto haujai vile ulikuwa unajaa, na Wapokomo huko chini ndio walikuwa wanapanda wakifuata mafuriko. Shuleni nilikariri majina ya mabwawa yote. Jina la Wapokomo halikuwa kwa hilo somo.

Sisemi tubomoe. Koroboi siitaki. Lakini mtu akiniambia stima ya maji ni nishati safi, nauliza imesafishwa na nani. Nyaya za Kariba zilienda hadi migodini na mijini. Vijiji vingi vya Watonga, watu waliotoa bonde lao zima, vilikaa miongo kadhaa bila hata balbu moja.